Mkutano wa AA Malindi, mimi ni Muislamu, naweza kwenda?

tuktuk_ya_jioni (Jumapili, saa 4 usiku)

Asalaam aleikum. Kwanza naomba msinicheke, pili kama kuna mtu atanitambua kwa maandishi haya naomba anisitiri.

Niko Malindi, naendesha tuktuk, nna miaka 34, mke na watoto wawili. Nanywa kwa siri tangu niko fom three. Nlianza na mnazi kule upande wa Ganda, ule wa asubuhi mtamu kama madafu, halafu nkawa nautaka wa jioni ulokwisha chacha, halafu nkahamia kwota za dukani, vile vichupa vidogo vya pombe kali, manake mnazi wanuka na nyumbani huwezi kuingia nao. Sasa hivi asubuhi kabla sijawasha tuktuk lazima nitoe loki, yaani ninywe kidogo, bila hivo mikono haishiki usukani.

Kilichonileta hapa ni hiki. Nna watoto watano wa madrasa nawabeba kila Jumamosi, na ile harufu huwa nawaambia ni dawa ya kikohozi. Juzi mmoja, kasichana ka miaka sita hivi, kakaniuliza, "Ami, kikohozi chako hakiponi?" Hakakuwa kananitania, kalikuwa kananihurumia kabisa. Niliwashusha, nkaenda nkasimama pale karibu na mnara wa Vasco da Gama nkalia kama mtoto.

Ramadhani naacha. Wallahi mwezi mzima sigusi. Siku tatu nne za mwanzo nakuwa mgonjwa, natetemeka, jasho, usingizi hakuna, nyumbani nawaambia ni funga imenishika. Halafu mwezi ukiandama wa Idi mimi ndio wa kwanza kutafuta. Kila mwaka.

Kuna abiria aliniambia iko mikutano inaitwa AA, kirefu chake Alcoholics Anonymous, watu walokuwa wakinywa wanakaa wanasaidiana, na mmoja uko hapa hapa mjini jioni za Alhamisi. Shida ni kwamba ukumbi wenyewe uko ndani ya uwanja wa kanisa, na mbele ya geti ndio stendi ya boda na wote pale wanijua mimi ni mtoto wa nani. Mimi na kofia yangu nipite geti la kanisa magharibi? Kesho yake mamangu ataambiwa nimebatizwa.

Nauliza tu: ni mambo ya kanisa? Wanaandika majina? Ni pesa ngapi? Na lazima mtu azungumze?

kaa_la_moto (Jumapili, saa 4:40 usiku)

Hayo ni mambo ya wazungu. Tia nia, nenda kwa mwalimu akuandikie kombe, aya za Kurani zioshwe kwa maji, unywe siku saba, yataisha. Mbona Ramadhani waweza? Ukiweza mwezi waweza mwaka, ni uvivu tu bro.

nahodha_nchi_kavu (Jumapili, saa 5:15 usiku)

Kaa la moto mimi nimekunywa kombe mpaka mwalimu akaniuliza kama natengenezea chai. Simkejeli mwalimu, alinifanyia kwa moyo safi wala hakunitoza hata shilingi. Lakini nlikuwa nakunywa kombe alfajiri na chang'aa adhuhuri, sasa hapo mwenye makosa nani.

Mwanangu wa tuktuk, waaleikum salaam. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa hapa, ni mwaka wa tisa huu sijaonja. Ntakujibu moja moja ila nna mazoea ya kurefusha, unisamehe.

Kanisa. Ule ukumbi ni wa kukodi. Sisi twapitisha kikapu, anayeweza aweka hamsini, anayeweza aweka mia, asiye nacho akipitisha tu, na katika hicho kikapu ndio hulipwa ukumbi na majani ya chai. Ukienda harusi ya mtu kwenye ukumbi wa shule si umekuwa mwanafunzi. Padri haji, mchungaji haji, hakuna anayehubiri. Mungu atajwa, hilo sikufichi, lakini yale maandishi yao yasema Mungu kama kila mmoja anavyomuelewa, na mimi namuelewa kwa Kiarabu. Mwisho wa mkutano husimamwa duara ikasomwa dua fupi, kumuomba Mungu akupe utulivu kwa yale usiyoyaweza na nguvu kwa yale unayoyaweza. Mimi hufungua viganja nikaitikia amin, hakuna aliyewahi kunitazama mara mbili.

Pesa ni hicho kikapu tu. Kiingilio hakuna, ada ya mwezi hakuna, hawachukui hata msaada wa serikali wala wa shirika. Majina hayaandikwi. Wasema jina lako la kwanza, na ukitaka kujiita Sindbad jiite Sindbad. Sharti la kuwa mwanachama ni moja peke yake, uwe wataka kuacha kunywa. Hawakwambii uwe umeshaacha.

Kuzungumza si lazima. Mkutano wetu huwa saa moja, mtu azungumza mambo yake mwenyewe wengine wasikiliza, na akimaliza hakuna kumjibu wala kumnasihi wala kumwambia "ungefanya hivi". Hiyo kwetu Waswahili ni ngumu sana, sisi mtu akitia koma tu tushampa ushauri. Wiki ya kwanza nlikuwa najiuma ulimi.

Uulize lakini kama ni mkutano wa wazi au wa ndani. Wa wazi aja yeyote, ndugu, mke, hata mtu wa kudadisi. Wa ndani ni wa wenye tatizo lenyewe tu. Wewe waingia yote miwili.

Sasa hilo la kuonekana. Mwanangu, mimi nlikuwa nakwenda Mombasa. Kila Jumamosi, kilomita mia na ishirini kwenda na mia na ishirini kurudi, na matatu ya alfajiri, ili tu nisionekane Malindi. Nyumbani nlisema nna kesi ya shamba. Miezi saba. Siku moja Mombasa kule kwenye mkutano aingia mtu namtazama, jirani yangu wa Barani, ukuta kwa ukuta! Naye alikuwa ameaga nyumbani kwake kwenda kumtazama mgonjwa. Tulirudi matatu moja hatukusemeshana mpaka Kilifi, pale Kilifi akanunua korosho akanipa mkononi tukaanza kucheka hatukunyamaza mpaka Gede. Wiki ilofuata hatukwenda Mombasa tena, tulikaa barazani kwake sisi wawili na birika la chai. Maana hata hilo laruhusiwa, wawili watatu wakikutana kwa nia hiyo ni kikundi tayari. Na ndivyo jambo lenyewe lilivoanza huko kwao Marekani mwaka 1935, mji waitwa Akron, wanaume wawili, mmoja dalali wa hisa mwengine daktari wa upasuaji, wote walevi wameshindikana, wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake ile hamu yapungua. Hakuna aliyekuwa mganga wa mwenzake. Wote ni wagonjwa.

Kwa hivo huyo atakayekuona ndani ya ukumbi, kumbuka naye yuko ndani.

sista_zamu_ya_usiku (Jumatatu, saa 10 alfajiri)

Nimetoka wodini sasa hivi na nimeisoma mara mbili hii, kuna kitu Nahodha amekiruka.

Kakangu, ulivosema Ramadhani siku tatu za mwanzo watetemeka na jasho na huna usingizi, hiyo si funga. Hiyo ni arosto ya pombe na ni ya kuogopewa. Mtu anayekunywa kila siku tena asubuhi kabla ya chai, mwili ushazoea, akikata ghafla masaa sita manane tu mikono yaanza, na katika siku mbili za mwanzo aweza kupata degedege kama mtu wa kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huchanganyikiwa, waona wadudu ukutani, waona watu ambao hawapo, na hiyo ikifika hapo mtu aweza kufa. Mimi nimeshawapokea hao, familia zaja zasema amerogwa. Na miaka inavyoenda kila ukikata na kurudia yaweza kuwa mbaya kuliko mwaka jana, kwa hivo usijitegemee kwamba "mbona Ramadhani iliyopita nlipona".

Kwa hivo usije ukasoma hapa leo ukamwaga chupa usiku ukasema kesho nimeacha. Nenda hospitali kwanza, useme ukweli wanywa kiasi gani na tangu lini, usipunguze, sisi hatushtuki. Kuna vidonge vya kutuliza hupewa kwa siku chache vikipunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1 manake pombe huimaliza mwilini na ikikosekana ubongo waharibika. Hivyo vidonge usijinunulie mwenyewe kemisti, vikichanganywa na pombe vyazuia pumzi.

Na usichanganye, watu wengi hapa huchanganya. Ile kliniki ya methadoni iliyoko hospitali ya Malindi tangu 2015 ni ya watu wa unga, yaani heroini, si ya pombe. Usisimame foleni ile. Wewe wataka daktari wa kawaida ama mshauri wa afya ya akili. Kama waona haya kuanza na uso kwa uso, piga 1192, ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, bure, mchana na usiku, ni siri, na watakwambia ni wapi karibu nawe pa kusaidiwa.

AA ni nzuri, nawatuma watu huko. Lakini kiti cha plastiki na chai ya tangawizi havizuii degedege.

nahodha_nchi_kavu (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Sista umenishika, kweli nimeliruka na haifai kurukwa. Yule jirani wangu wa korosho alianguka degedege sokoni kabla hajaanza kuja. Mwanangu anza kwa sista.

juu_darini_lamu (Jumatatu, saa 8 mchana)

Naandika kutoka Lamu na mimi ni mwanamke, sasa mtafikiri wenyewe.

Nyinyi Malindi mna geti la kuogopa, mimi sina hata geti. Hapa hakuna gari, watu watembea kwa miguu vichochoroni, ukipiga chafya Langoni mtu wa Mkomani akwambia pole. Nimevaa buibui miaka yote na chini ya buibui nna tatizo hilo hilo la kaka wa tuktuk. Chupa zangu zaja na boti kutoka Mokowe zimefungwa ndani ya unga wa ngano, na nlikuwa nakunywa kwenye kikombe cha chai mbele ya wageni, nazungumza, nacheka, natia na kijiko nakoroga ili ionekane ina sukari. Hakuna anayemdhania mwanamke. Hiyo ndiyo iliyonisaidia kunywa miaka kumi na mbili.

Nlichofanya mimi ni mikutano ya kwenye simu. Iko kwa Zoom, ya Kenya na ya nchi nyengine, mchana na usiku, na iko ya wanawake peke yao. Hufungui kamera. Jina unaandika ulipendalo. Waweza kusikiliza mwezi mzima usiseme neno. Mimi hupanda juu darini usiku watu wakishalala, mtandao washika vizuri, natia spika za masikio, na nyota ziko juu yangu na sauti ya mama mmoja wa Eldoret yasema kitu ambacho nlidhani ni mimi peke yangu duniani nafanya, hicho cha kijiko. Hicho hicho! Nlishika mdomo nisipige kelele nkaamsha nyumba.

Ila ntasema ukweli, kwenye simu ni rahisi pia kutoroka. Ukisikia linakuchoma wabonyeza umetoka. Kaka wewe unao ukumbi, nenda ukumbini. Mimi ningekuwa nao ningekwenda na buibui yangu.

Na ile ya kwamba sala ya mnywaji haikubaliki siku arubaini, kama nawe wameshakwambia. Mimi nliambiwa nkaona basi, haina haja ya kuswali, na sikuswali miaka. Baadaye nkaambiwa na mtu anayejua kwamba maneno yale yana mwisho wake, kwamba akitubia Mungu humpokea. Mwisho watu huwa hawautaji.

mama_wawili_watamu (Jumatatu, saa 11 jioni)

Samahani naingilia, mimi sinywi, ni mume wangu. Naweza kwenda hiyo AA kwa niaba yake?

nahodha_nchi_kavu (Jumatatu, saa 12 jioni)

Kwa niaba yake hapana bibi, hata angekutuma. Mkutano wa wazi waweza kuja kusikiliza. Lakini nyinyi mnao wenu waitwa Al-Anon, ulianzishwa 1951 na wake wa watu wa AA, mmoja wao mke wa yule dalali wa hisa, ni wa ndugu na wake na waume, mtu azungumzia yake si ya mlevi. Iko ya kwenye simu pia. Na usimwage chupa zake, sista ashaeleza hapo juu kwa nini.

kaa_la_moto (Jumatatu, saa 2 usiku)

Sawa nimesoma. Hilo la degedege sikulijua. Lakini bado nasema dini ni muhimu.

tuktuk_ya_jioni (Jumanne, saa 3 usiku)

Nimesoma yote. Nlikwenda hospitali leo asubuhi, nlikaa kwenye benchi nkaondoka, nkafika mpaka stendi nkarudi. Daktari kijana tu, alinipima presha akaniuliza wanywa ngapi nkasema mbili, akanyamaza akaningoja, nkasema nne, akanyamaza tena nkamwambia yote. Nimepewa vidonge vya siku kadhaa na zile vitamini, na amesema nisilale peke yangu na nisiendeshe mpaka anione tena. Kwa hivo ilibidi nimwambie mke wangu. Nlikuwa nimepanga hotuba. Nkaanza, "kuna jambo", akasema, "najua, tangu posa".

Tuktuk anaendesha mdogo wangu wiki hii.

Swali moja la kijinga Nahodha, nikienda Alhamisi nivue kofia nikipita geti?

nahodha_nchi_kavu (Jumanne, saa 3:30 usiku)

Ingia na kofia yako.

juu_darini_lamu (Jumanne, saa 5 usiku)

Twakungoja hapa kaka.

tuktuk_ya_jioni (Ijumaa, saa 9 alasiri)

Nlikwenda.

Nlipita lile geti mara mbili kama mtu anayetafuta nyumba. Mara ya tatu kijana mmoja wa boda akaniita, "wee, tuktuk iko wapi leo?" nkamwambia iko gereji, nimekuja kumngoja mtu hapa ndani. Ndio hivo tu. Hakuuliza tena, akaendelea na simu yake. Mimi nliyekuwa silali siku tatu kwa ajili ya hilo geti.

Ndani tulikuwa saba. Nlitarajia sijui nini, watu wamechakaa. Kuna mama ana duka kubwa tu. Kuna mzungu mzee Mtaliano anazungumza Kiswahili cha Malindi kunishinda mimi. Na kuna mtu mmoja, simtaji, nimembeba kwenye tuktuk yangu si chini ya mara ishirini, na nlikuwa namuona mtu wa maana sana na nlikuwa naficha kichupa chini ya kiti kwa ajili yake. Aliniona akasogeza kiti chake kidogo ili nipite, basi.

Kitu ambacho sintakisahau ni chai. Kuna mtu alikuwa akimimina, wote aliwajazia mpaka juu, kufika kwangu akanitazama mikono akanitilia nusu kikombe. Hakusema kitu. Nkajaribu kukiinua nkaona kwa nini, kingekuwa kimejaa ningejimwagia. Baadaye kikiisha akaniongeza nusu nyengine. Huyo mtu anajua, mimi mke wangu ananipenda lakini angenijazia.

Walizungumza zamu zamu. Mtu anasema jina lake halafu anasema "mimi ni mlevi", hivi hivi, kama anavosema mimi ni fundi. Hilo neno mimi nimelisikia likitupiwa watu barabarani tangu utotoni, sijawahi kusikia mtu analichukua mwenyewe. Ilipofika kwangu nlisema jina, la kweli, na nkasema nimekuja kusikiliza. Neno lenyewe halikutoka. Wakasema karibu wakaenda kwa mwengine. Mwisho tulisimama, mkono wangu mmoja alikuwa amenishika mama wa duka, kwa hivo Nahodha kama wewe ulifungua viganja sijui ulifanyaje, mimi nlifungua kimoja.

Leo siku ya nne. Jana usiku nlilala masaa matano. Hamu iko, siwadanganyi, leo baada ya Ijumaa miguu ilikuwa ishaanza kwenda kule kwenye duka, nkampigia simu mmoja aliyenipa nambari, tukazungumza Simba na Yanga dakika kumi, hata pombe hatukuitaja.

Sista, narudi kwa daktari kesho.

Nahodha sijui ulikuwa nani katika wale saba na sikuulizi. Lakini kama wewe ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi, kofia yangu nlivua nkaiweka kwenye kiti cha jirani kwa joto na nimeisahau. Ni nyeupe ya vitobo, alinishonea mamangu, ashaanza kuniuliza iko wapi.

nahodha_nchi_kavu (Ijumaa, saa 11 jioni)

Iko kabatini juu ya vikombe. Njoo uichukue Alhamisi.